Mpwani Atafuta Wimbi Bara: Siku Zangu Kando ya Nile

Alhamisi, ndani ya basi la usiku

Nyumbani Mombasa walicheka nilipowaambia naenda Uganda kutafuta mawimbi. "Kwani ya Nyali yamekwisha?" aliuliza mama, na yeye hakuwa anacheka. Uganda haina pwani, hilo hata mtoto wa darasa la nne analijua.

Kazi ndiyo iliyonitoa. Nina video 14 za mafunzo ya usalama mtoni, za kuwafundisha waongoza mitumbwi ya mpira na watu wa kayaki, na zinataka maandishi ya Kiswahili chini ya picha. Mteja yuko Uingereza na hatujawahi kuonana. Amenipa hadi Ijumaa ijayo, saa sita usiku ya kwao, yaani saa nane yetu. Sharti lake ni mistari miwili tu kwa wakati mmoja, na kila mstari usizidi herufi 42, nafasi zikihesabiwa. Anayekijua Kiswahili anajua adha ya sharti hilo. Neno moja la "watakapokuokoa" limeshakula herufi 14.

Video ya kwanza niliianza nyumbani, nikakwama dakika ya tatu. Sisi watu wa bahari tuna maneno tele ya maji: kujaa, kupwa, bamvua, maji mafu, mkondo. Lakini huyu mwalimu anaonyesha maji ya mto yakigonga jiwe, yakizunguka nyuma yake, kisha yakipanda kurudi yalikotoka, naye ana neno moja fupi la Kiingereza la jambo zima. Nikaandika "mzunguko wa maji", nikafuta. Nikaandika "kizunguzungu cha maji", nikacheka peke yangu chumbani. Kesho yake nikakata tiketi.

Ijumaa

Busia alfajiri, baridi, foleni. Kitambulisho cha taifa kilitosha. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana hivyo tangu 2014. Walitaka na cheti cha homa ya manjano, na mwanamume aliyekuwa mbele yangu alikuwa amekisahau, basi likaondoka bila yeye. Nikabadilisha shilingi elfu arobaini za Kenya, nikawa milionea kabla ya kupiga mswaki.

Baada ya Iganga mashamba ya miwa ya Kakira yanaanza na hayaishi. Nilishuka Jinja nikiwa nimevimba miguu. Kijana wa boda akanisalimu kwa Kiingereza, nikamjibu kwa Kiswahili, akanitazama kuanzia kichwani hadi viatuni.

"Wewe ni afande?"

Nikadhani anatania. Hatanii. Huku Kiswahili wengi walikisikia kwanza mdomoni mwa mwanajeshi, na kumbukumbu hizo si nzuri. Kwenye karatasi ni lugha rasmi ya pili tangu katiba ilipofanyiwa marekebisho 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri lilipitisha kifundishwe shuleni. Lakini karatasi ni karatasi. Nikamwambia mimi ni mtafsiri tu. Akapunguza bei, sijui kwa kufarijika au kwa huruma.

Mkahawa niliouchagua uko Bujagali, kama kilomita kumi kutoka mjini, juu ya ukingo. Nimepanga chumba nyuma yake. Una meza saba za mbao na mwembe mmoja mkubwa, na soketi moja inayofanya kazi kweli, iliyo meza ya pembeni karibu na jiko. Zile nyingine ni mapambo. Niliweka mkoba wangu pale kabla hata ya kuagiza kahawa.

Halafu nikatazama chini mtoni. Maji yametulia kama ya bwawa la samaki. Hakuna povu wala ngurumo. Nikamuuliza mhudumu, wimbi liko wapi? Akanyoosha kidole katikati ya maji yale.

"Liko hapo chini, nyabo. Lilizama."

Jumamosi

Nilikuwa nimesoma habari hiyo, sema kusoma na kuona ni vitu viwili. Hapa palikuwa na maporomoko ya Bujagali, yaliyowaleta watu kutoka kila pembe ya dunia. Bwawa la umeme la megawati 250 lilipojengwa upande wa chini, maji yakajaa nyuma yake na kuyafunika maporomoko mwishoni mwa 2011. Mwaka uliofuata bwawa likazinduliwa rasmi. Basoga, wenyeji wa hapa, wanaamini mahali hapa ni makao ya mzimu Bujagali, na kabla ya maji kupanda zilifanywa sherehe za kuhamisha mizimu. Mhudumu alinieleza hayo huku anafuta meza, kwa sauti ileile aliyonitajia nywila ya waifai.

Waifai yenyewe ni nzuri kuliko nilivyotarajia. Na hapa nina jambo la kujivunia lisilo na maana yoyote: Uganda haina bahari, kwa hiyo sehemu kubwa ya intaneti yake hupita kwanza kwetu, kwenye nyaya zinazotoka chini ya bahari na kuibukia Mombasa. Nyaya mbili za pwani hii ya Afrika zilipokatika Mei 2024, huku nao walilia. Yaani nimesafiri usiku kucha kuja kutumia kitu kilichotoka kwetu.

Facebook ndiyo haifunguki. Imefungwa tangu Januari 2021, wakati wa uchaguzi, na watu wamezoea kuizungukia kwa VPN. Mimi mtu wa kuniletea kazi humpata huko, basi nikapoteza saa nzima nikihangaika. Bando nalo lina kodi ya asilimia 12 juu yake. Silalamiki, natoa hesabu tu.

Video tatu zimekwisha. Zote nimeacha nafasi tupu pale linapokuja lile neno.

Jumapili

Sikufanya kazi. Nilikwenda mjini kuona mto unapotoka ziwani, kwa sababu mtu akifika Jinja asipokwenda, ataulizwa. Boti, wauza vinyago, sanamu ya kichwa cha Gandhi, ambaye sehemu ya majivu yake yalimwagwa hapa 1948. Kibao kinamtaja Speke, mpelelezi Mwingereza aliyefika Julai 1862. Maporomoko aliyoyakuta na kuyabatiza jina la Ripon nayo yako chini ya maji, tangu bwawa la Owen Falls, leo Nalubaale, lilipoanza kazi 1954. Nimeanza kuona mtindo: kila wimbi ninalolifuata lina bwawa juu yake. Mwendesha boti alisema maji haya yatachukua kama miezi mitatu kufika baharini, Misri. Bahari ambayo si yangu.

Jumatatu

Siku ndefu, na ndiyo iliyolipa nauli.

Asubuhi alikuja mzee mwenye boti la mbao, mmoja wa wale wanaozungusha wageni kwenye maji haya yaliyotulia. Kofia ya sufu kichwani, jua lote lile. Nikamwamkia kwa mazoea ya kwetu.

"Shikamoo mzee."

Alisimama. "Marahaba," akasema taratibu, kama mtu aliyeokota sarafu ya zamani mfukoni. "Wewe ni wa Mombasa."

"Umejuaje?"

"Mimi huku nani ananipa shikamoo?"

Amekulia Walukuba, mtaa wa wafanyakazi upande wa ziwa, uliojengwa enzi za Mwingereza wakati Jinja ilipokuwa mji wa viwanda. Baba yake alikuwa Msamia, fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha nguo. "Jirani mkono huu Mluo, mkono huu Mlugbara, nyuma yetu Mnyankole. Sasa tungeongea nini? Mtoto wa Walukuba akitoka nje ya mlango, Kiswahili." Baadaye akahamia kwa wajomba zake Bujagali, na huko akakuta kazi ambayo haipo tena.

Kazi yenyewe ilikuwa kushuka maporomoko kwa jerikani.

Niliwahi kusikia habari za vijana hao, lakini sikuwa nimekutana na mmoja. Hawakuwa na boti wala koti la kuelea wala kofia ngumu. Ni jerikani ya plastiki ya lita 20, tupu. Mzee aliniomba niende kuchukua moja jikoni, ya njano, iliyopauka. Akaizungushia kizibo kwa ukanda wa mpira wa tairi la baiskeli, mara nne, akauvuta kwa meno. "Kizibo kikitoka, wewe umekufa." Kisha akailalia pale mezani, kifua juu yake, vidole vyote kumi vikiwa ndani ya kishikio cha jerikani, kidevu kimebanwa chini, miguu imenyooka nyuma na imeachana kidogo. Ana zaidi ya miaka sitini. Wageni wa meza ya pili wakaacha kula.

"Mzungu anasimama juu, anatoa pesa, wewe unaruka. Unapita hapa, hapa, hapa," mkono wake ukikata kona hewani, "halafu unatokea kule chini, unapunga. Kama hupungi, pesa hupati."

"Na wasiotokea?"

"Wenzangu wawili." Akaufungua ule mpira, akaukunja, akautia mfukoni.

Nikageuza kompyuta, nikamwonyesha dakika ya tatu ya video ya kwanza: jiwe, maji yanazunguka nyuma yake, yanapanda kurudi. Haya mliyaitaje?

Hakufikiri hata kidogo. "Maji ya kurudi. Ukichoka unaingia pale, unakaa. Ni kama stendi. Unapumzika, unaangalia mbele, unatoka tena."

Maji ya kurudi. Herufi 14, nimehesabu. Siku tatu nimepekua kamusi mbili na kuwapigia simu wavuvi wawili wa Lamu, na lilikuwa limekaa hapa chini ya kofia ya sufu.

Tukaenda hivyo hadi mchana. Pale maji yanapomwagika juu ya mwamba na kujikunja chini yake, yakamzungusha mtu asitoke, Waingereza wanapaita shimo, nami nilikuwa nimeandika "shimo" bila kufikiri. Mzee akakataa. Mtu akisikia shimo ataangalia chini atafute tundu. "Sema maji yanashika." Wimbi lililosimama mahali pamoja ni "wimbi la kusimama", hapo tulikubaliana bila ugomvi. Na nilipomuuliza mto kupanda na kushuka wanakusemaje, akasema maji yanajaa na maji yanakupwa, kulingana na wanavyofungua kule bwawani. Nikafurahi kama niliyekutana na binamu. Kupwa na kujaa kwetu kunaamuliwa na mwezi. Kwao kunaamuliwa na mtu aliye zamu.

Sikujua nimlipe nini. Nikamlipia samaki na ugali, akala, akasema jioni atakuwa na wateja, akaondoka. Nilirudi kuzijaza nafasi zote tupu za video tano.

Jumanne

Umeme ulikatika saa tatu asubuhi. Kuna bwawa upande wa juu yetu na bwawa upande wa chini, na katikati yake mimi na soketi yangu moja, kimya. Mhudumu hakuona kichekesho. Amezaliwa hapa.

Inveta ya mkahawa ilivuta mpaka saa sita, ikalia mara tatu kama paka, ikazima. Waifai ikaenda nayo. Nikauliza wapi karibu kuna umeme wa uhakika na intaneti, wakanitajia Kyabirwa, kijiji jirani. Kuna nini? Kituo cha upasuaji, kilichofunguliwa 2019, chenye paa la sola na faiba yake, ambako madaktari huzungumza kwa video na wenzao wa New York. Nikajiona nikiingia na laptopu yangu, katikati ya mtu anayepasuliwa ngiri, nikiuliza nywila. Nikashukuru, nikabaki nilipo.

Kwa wanaofanya kazi kama yangu: usitegemee kuvuta video siku unayozihitaji. Nilikuwa nimezipakua zote Jumamosi, za picha duni, zisizo na uzito. Maandishi yenyewe ni mepesi ajabu. Faili la video nzima halifiki kilobaiti 30, hata simu yenye alama moja ya mtandao inalituma. Kinachokula betri ni mwangaza wa skrini. Nikaupunguza mpaka nikawa nasoma kwa kukisia, nikahamia chini ya mwembe, nikamaliza video moja na nusu. Umeme ulirudi usiku wakati nimeshalala, taa ikaniwakia usoni.

Jumatano

Itanda. Boda ya saa moja na zaidi, vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Ng'ambo ya mto panaitwa Kalagala. Hapa ndipo penye maji makali yaliyosalia. Bujagali ilipozamishwa, serikali ilikubaliana na Benki ya Dunia kwamba eneo hili la Kalagala na Itanda litaachwa bila bwawa, kuwa fidia ya kile kilichopotea. Chini zaidi Isimba imeshajengwa, megawati 183, tangu 2019, nayo ilipanda na maji yake hadi ilipofika.

Unausikia mto kabla ya kuuona. Kipande kimoja waongoza mitumbwi wanakiita "mahali pabaya", kwa Kiingereza, na sikuhitaji kuuliza kwa nini.

Nilikaa juu ya mwamba kwa saa mbili na kazi haikufanyika. Vijana wanne wa hapohapo kijijini walikuwa na kayaki fupi, zilizobanduka rangi. Mmoja anaingia kwenye maji ya kurudi (nililitamka kwa sauti, peke yangu, kama mwendawazimu), anapumzika, anapiga kasia mara tatu, anapanda juu ya wimbi. Na hapo anakaa. Haendi mbele wala nyuma. Maji yanapita chini yake kwa kasi ya lori, na yeye yuko palepale, anageuka, anajipindua, anarudi juu.

Hapo ndipo nilipolielewa jambo ambalo video zote 14 hazikuwa zimenieleza. Kwetu baharini wimbi ndilo linalosafiri; maji yenyewe yanapanda na kushuka tu, tazama kifuu cha nazi kinavyoelea, wimbi linakipita kinabaki. Huku ni kinyume. Maji ndiyo yanayokwenda zake Misri, wimbi linabaki mlangoni. Mpwani ukimpa kayaki hapa atasubiri wimbi lije. Haliji. Unalifuata wewe.

Nikarudi kufungua upya video ya sita, ambako nilikuwa nimeandika "wimbi likija". Sentensi tisa zote zilikuwa na wimbi linalokuja. Nimezibadilisha zote.

Sikuingia majini, kabla hamjauliza. Pembezoni, pale maji yanapolala, kuna konokono wa kichocho, na kijana mmoja aliniambia wao humeza dawa yake kila mara kama desturi. Tena naogopa. Naogelea vizuri kwenye chumvi, inabeba mtu.

Alhamisi

Kazi tupu. Saa kumi na moja na nusu asubuhi hadi saa nne usiku. Rolex mbili, yaani chapati zilizokunjiwa mayai mawili mawili na kabichi, kutoka kwa mama wa chapati nje ya lango, ambaye sasa hunijibu Kiswahili na anacheka kila anaposahau neno. Video ya 13 imekwisha. Mgongo unauma.

Ijumaa

Nilifunga mkoba asubuhi. Video ya mwisho, ya kumwokoa mtu kwa kamba, ilikuwa tayari, nilikuwa nataka kuitazama mara moja tu kisha niitume kabla ya taksi ya mjini, ndiyo matatu ya huku. Mzee akapita kuaga. Nikamkalisha mbele ya skrini, nikamvalisha hedifoni, akazivua, akasema anataka kusoma, siyo kusikia.

Anasoma polepole, midomo ikicheza. Mtu ameanguka. Mwokoaji yuko juu ya mwamba, anapaza sauti, kisha anatupa. Maandishi yangu yakatokea: *Tazama! Shika kamba ya kuokolea!* Mzee alikuwa bado yuko kwenye "kamba" yakatoweka.

"Rudisha."

Nikarudisha. Yakatoweka tena.

"Huyu mtu anazama?"

"Anazama, mzee."

"Na wewe unamsomea barua. Kuna kamba ingine hapo? Ya kuanikia nguo?"

Nje taksi ilikuwa imefika, kondakta anaita Jinja, Jinja, Jinja. Nikavuta kompyuta kwangu nikiwa nimesimama, mkoba begani, nikafuta "Tazama", nikafuta "ya kuokolea". Zikabaki herufi 11 na alama ya mshangao. Mzee akasoma, akatikisa kichwa kukubali, akaniambia niitume sasa kabla umeme haujakatika.